Raba Zenye Nyota Upande wa Nje

Jumamosi, 1 Oktoba 1988

Bundala kaja uwanjani na gunia. Tukadhani sangara. Kumbe raba!

Niandike kwa utaratibu, maana kalamu inataka kukimbia. Jana tumepata habari kutoka Muleba: kwenye mashindano ya mwezi huu hakuna kucheza pekupeku. Uwanja wao ni wa saruji, mwaka jana msichana mmoja alichanika kidole vibaya, kwa hiyo waandaaji wameamua. Asiye na raba haingii. Na sisi timu ya kikapu ya Buhembe tunacheza pekupeku wote, isipokuwa Klaudia. Leo tulikuja mazoezini tumenuna. Timu hii imeshazika wenzetu, tumebaki wa kutosha tu kuitwa timu — halafu ije ituue saruji?

Ndipo akatokea Bundala. Ni Msukuma wa kisiwani Bumbire, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa maneno mengi. Anapeleka samaki wakavu mpaka Mutukula, mpakani na Uganda, na harudi mikono mitupu. Akamwaga gunia chini. Raba za kitambaa, shingo inapanda kufunika kifundo, soli nyeupe, nyota ubavuni. Zile zile za wacheza kikapu wa kwenye picha! Mchezaji mwenzangu Rozi akasema zinafanana kabisa na za Klaudia. Nikamwambia asikimbilie. Za Klaudia ni orijino, aliachiwa na daktari mama wa Kiswidi, anazitunza kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nikaokota moja ya Bundala nikaigeuza. Nyota iko upande wa nje wa mguu. Ya Klaudia iko ndani. Aliyeiga aliiga kwa kukumbuka.

Bundala akacheka, akasema nyota ndani au nje, mpira haujui. Bei yake ni ndogo kweli, hata mzazi wa kibarua anaiweza. Akatoa masharti: nichukue jozi moja nijaribu, bure. Nikisema nzuri, timu nzima inunue. Nikisema mbaya, anaondoka nazo zote. Kwa nini mimi? Eti kwa sababu mwalimu Kezia hata ndizi za harusi anazikosoa.

Ni kweli. Nazikosoa. Zikipikwa vibaya nisiseme?

Kwa hiyo mimi ndiye mkaguzi. Timu kwenda au kutokwenda Muleba — iko miguuni kwangu.

Jumapili, 2 Oktoba

Mama ameziona.

Nilikuwa sebuleni napitisha kamba. (Kamba fupi! Matundu mawili ya juu yanabaki matupu. Kosa la kwanza nje ya nyota.) Akauliza zimetoka wapi. Sikufikiri, nikasema Mutukula, zimevushwa kutoka ng'ambo. Akatoka nyuma, akarudi na ule mti wenye panda tunaoegemezea migomba. Akainasa raba ya kwanza kwa panda, akaitoa nje mkono umenyooka mpaka mwisho. Akarudia ya pili. Kaziacha mpakani mwa kibanja, shamba letu la migomba, kwenye majani. Mimi nimeketi na mguu mmoja wa soksi.

Najua kwa nini. Kila mtu Buhembe anajua.

Vita vilipoisha, vijana wakaanza kuvuka kwenda Uganda kutafuta. Kaka yangu Elieza alikuwa hodari wao. Alimletea Mama kitenge, akaniletea mimi kalamu, yeye akajiletea shati. Yale mashati ya kung'aa, watu waliyaita Juliana. Wavaaji wakaanza kukonda, mmoja mmoja. Watu wakasema shati ndilo linaloua, ugonjwa wenyewe nao ukaitwa Juliana. Elieza alikonda mwaka mzima. Tulimzika mwaka 1985. Mama akalichoma lile shati nyuma ya jiko, akasimama pale mpaka likawa majivu. Mpaka leo ukimwuliza mwanao wa kwanza alikufa na nini, anakujibu: shati.

Na mimi leo naleta raba kutoka Mutukula, naziweka sebuleni kwake. Nina akili kweli?

Jumanne, 4 Oktoba

Raba zinalala shuleni, kwenye kabati la chaki. Naondoka nyumbani na kandambili, nabadilisha nikifika. Mwalimu mzima anajificha kama mwanafunzi mtoro!

Jaribio la mlima. Nimepanda na kushuka njia ya mawe kutoka shuleni hadi barabarani. Kupanda — vizuri, soli inashika. Kushuka — vidole vinasukumwa mbele, kidole kidogo cha kushoto kimechubuka. Ndani ile pedi ya kukanyagia imebandikwa tu kwa gundi, ukitoka jasho inatembea, inajikunja chini ya kisigino. Nimeing'oa, nimekata nyingine kutoka kwenye boksi la vitabu. Afadhali kuliko yao. Harufu ya gundi kali mno, darasa la tatu wameuliza nani kapaka rangi.

Kitambaa: kigumu, kizuri. Mshono wa nyuma: umepinda, lakini haujaachia. Kama ningesahihisha kwa kalamu nyekundu ningeandika: anaweza, aongeze bidii.

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo nimefanya jambo la kisayansi!

Nimemwomba Klaudia raba yake moja ya orijino. Alisita, akaitoa kwenye taulo, akaniambia nikiikwaruza tutakosana mpaka kiama. Klaudia ni nahodha wetu, nesi wa hospitali, mtu asiyecheka ovyo. Mguu wa kushoto nikavaa orijino. Mguu wa kulia ya Bundala. Nikacheza mazoezi yote hivyo, watoto wamejaa ukutani wanashangilia, wanadhani nimechanganyikiwa.

Matokeo. Kudunda na kukimbia: sawa kwa sawa. Kugeuka ghafla: ya Bundala inashika zaidi, nadhani soli bado mpya, inalia kwii kwenye sakafu, nimeipenda hiyo sauti. Kifundo: orijino imekaza, ya Bundala inalegea pale juu kwenye matundu yasiyo na kamba. Kuruka na kutua: hapo ndipo tofauti. Orijino inaupokea mguu. Ya Bundala inaupokea kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisigino kinauma mpaka gotini.

Klaudia alikuwa anasubiri niseme orijino ni orijino. Nilisema: orijino inakubeba, hii inakutaka ujibebe mwenyewe. Lakini sisi tumezoea kutua pekupeku, jamani waitu! Nani hapa amewahi kubebwa?

Klaudia akaichukua ya kwake akaifuta kwa kiganja. Nahodha kashindwa hoja!

Jumamosi, 8 Oktoba

Mvua. Nikasema vizuri, jaribio la mvua, nikachezea kwenye maji makusudi. Nusu saa haikwisha — mdomo wa raba ukafunguka kwenye mkunjo wa vidole. Gundi imeyeyuka. Natembea na kiatu kinachopiga makofi. Rozi alikaribia kulia.

Nilikwenda nayo moja kwa moja mwaloni Nyamkazi, wanakopakua samaki, nimelowa chapachapa, nina hasira, nikamtupia Bundala raba yake miguuni mbele ya wachuuzi. Nilikuwa nimetunga hotuba. Hakunipa nafasi. Aliiokota, akaingiza kidole kwenye ule mdomo, akaita mtu amletee sindano ya nyavu na uzi. Uzi wa nyavu za sangara, wa kijani, ule ambao samaki mzito kama mbuzi anauvuta na haukatiki. Akatoboa kwa msumari, akashona soli na kitambaa pamoja, kuzunguka raba nzima, fundo kwa fundo, huku anasimulia habari za mtu wa Bumbire aliyevuliwa na samaki badala ya kumvua. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa naangalia mikono.

Nimeivaa palepale. Nimesimama majini mpaka kifundoni, nimeikunja, nimeruka. Haijafunguka. Nimempa sharti langu: autumie uzi huo kwenye nyingine zote, na aweke kamba ndefu za kufunga. Akakubali, akajidai alikuwa na wazo hilo tangu zamani.

Kwa hiyo uamuzi: NZURI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mimi siandiki hivyo kila siku.

Jumapili, 9 Oktoba

Nilifurahi mapema mno.

Baada ya ibada nimewaita wenzangu nje ya kanisa, nimetangaza matokeo kama waziri. Hakuna aliyepiga makofi. Rozi anaangalia chini. Kumbe Mama ameshapita nyumba kwa nyumba wiki nzima. Hakugombana na mtu. Alikaa tu, akasema: mnalikumbuka lile shati la Elieza? Basi sasa zimekuja raba. Na nani atabishana na mama aliyezika?

Wazazi wote wamekataa. Mama yake Rozi kamwambia akiziingiza nyumbani, yeye na raba wote watalala nje. Mwingine anasema kwa nini bei ndogo hivyo, kitu kizuri kinauzwaje bei ndogo hivyo kama hakina jambo ndani yake.

Nimemkasirikia Mama kwelikweli. Halafu nikafika nyumbani, yuko jikoni ananimenyea ndizi zangu, zile ninazozipenda. Hasira iende wapi?

Jumatano, 12 Oktoba

Nimeamua. Sijifichi tena. Mchana nimezivaa nikitoka shuleni, nimepita nazo barabara kuu, nimezunguka soko zima la Bukoba, nimesimama kwenye kila meza hata ambapo sinunui kitu. Sketi ya ualimu na raba za kikapu zenye uzi wa kijani. Watu wananitazama miguuni kwanza, halafu usoni, halafu mashavuni. Ndiyo — mashavuni! Wanasubiri nikonde!

Basi tutaona. Nimeanza kula. Ndizi na maharage asubuhi, ndizi na dagaa mchana, maparachichi kila ninapopita. Mama anashangaa, anafikiri nimeacha ubishi. Mlinda mlango wa benki leo kaniambia mwalimu umenawiri. Nimemtazama kama mtu aliyenipa cheti.

Jumapili, 16 Oktoba

Kikao. Siwezi kulala nisiandike, na jua bado halijazama, kwa hiyo naandika.

Mama alikuwa amemwita baba mkubwa Rugaibula, kaka yake marehemu Baba, mkubwa wa ukoo. Anione, anionye, anikataze. Na baba mkubwa, mtu wa haki, akasema hawezi kuhukumu upande mmoja, akamwita Klaudia pia kwa sababu ni nesi. Tukakaa sebuleni. Raba ziko nje barazani. Mama ameketi mbali na mlango.

Mama alisema ya kwake kwa Kihaya, taratibu, bila kupaza sauti. Kwamba alikuwa na watoto wawili. Kwamba kitu kilichomchukua wa kwanza kilitoka ng'ambo kikiwa kizuri na cha bei ndogo. Kwamba hana wa tatu.

Klaudia akaeleza kama wanavyoeleza hospitali. Ugonjwa uko kwenye damu. Unapita kwa mwanamume na mwanamke, kwa damu, kwa mama na mtoto tumboni. Haukai kwenye nguo wala kwenye kiatu. Hakumtaja Elieza hata mara moja. Alikuwa mwangalifu, namshukuru.

Lakini Mama si mjinga. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza: "Kwa hiyo unaniambia mwanangu alikuwa mzinzi."

Na mimi pale ndipo nilipoelewa, baada ya miaka mitatu. Shati halikuwa ujinga. Mama alilihitaji lile shati. Likiwa shati, Elieza hakufanya lolote, alivaa tu. Akikubali raba haiui, inabidi akubali shati halikuua, na akikubali hilo anabaki na mtoto wake na maneno ya watu.

Katika nyumba yetu neno lenyewe halijawahi kutamkwa. Nimelitamka mimi. Nilisema: "Mama, Elieza alikufa kwa ukimwi. Na alikuwa mtu mwema. Yote mawili ni kweli."

Sijui nilipata wapi sauti. Mama aliinuka, akatoka, akaenda zake kibanjani. Tulisikia anakata majani makavu ya migomba, moja, jingine, jingine.

Baba mkubwa akasema, si kwetu hasa, kwamba na yeye amezika wawili na kila mara alisema malaria. Akaniagiza nimletee raba moja. Nikasita, akasema lete. Akaishika, akaitazama nyota, akauliza kwa nini iko nje, nikamwambia, akaguna. Halafu akaingiza mkono ndani mpaka kupita kifundo, akaendelea kuongea nasi hivyo hivyo, mkono umevaa raba, kama kitu cha kawaida! Mzee wa heshima, koti la ibada, na raba mkononi. Klaudia alifunika mdomo.

Uamuzi wake: hanikatazi. Atakayeuliza aambiwe Rugaibula kaingiza mkono, waje wamtazame. Lakini mama yangu ni mama yangu, na nyumba ni yake. Raba zisivuke kizingiti mpaka yeye mwenyewe aseme.

Nimekubali. Ni haki.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mama hasemi nami. Ndizi kanipikia.

Ijumaa, 21 Oktoba

Wamenunua! Wote!

Mkono wa baba mkubwa umefanya kazi kuliko hotuba zangu zote. Habari imezunguka Buhembe siku moja. Watu walikwenda kweli kumtazama, wakamkuta anakunywa pombe ya ndizi chini ya mgomba wake, mzima, anawakaribisha. Mama yake Rozi ndiye wa mwisho kukubali. Aliniita nyumbani kwake, akanishika shavu kwa vidole viwili akalivuta, kama anapima unene wa kitambaa. Akasema haya.

Na mizani ya Klaudia hospitali inasema nimeongezeka. Sketi inanibana. Sijali!

Leo tumefanya mazoezi wote na raba kwa mara ya kwanza. Kwii, kwii, kwii, uwanja mzima. Bundala kaja kutazama kazi yake, amewaambia watu ukutani kwamba nyota huwekwa nje ili adui aione vizuri. Muongo wa daraja la kwanza. Kesho asubuhi lori la kahawa linatubeba kwenda Muleba.

Mama nimemuaga kutoka uani. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 23 Oktoba

Tumeshindaaa!

Niko mezani shuleni, peke yangu, siwezi kukaa vizuri, mapaja yanauma, sauti imekwisha. Tumewapiga wenyeji Muleba kwao, kwenye saruji yao, mbele ya watu wao waliopanda mpaka juu ya paa la darasa.

Mwanzo tulikuwa hovyo. Wao wana msichana mmoja anaitwa Limi, wa kisiwani Bumbire, mikono imekomaa kwa kuvuta nyavu. Ukishika mpira anakuja anauchukua tu, kama anachukua chake. Alininyang'anya mara sijui ngapi. Klaudia alinifokea kwamba nacheza kama naogopa kuchafua viatu. Na kweli nilikuwa nazitazama! Mkaguzi mpaka uwanjani! Nilikuwa natazama kama mshono unashika, kama kamba ziko sawa, badala ya kutazama ringi.

Nikaacha kutazama chini. Basi. Ndivyo tu.

Kipindi cha pili mvua nyepesi ikailowesha saruji. Wao wamevaa kila namna, za plastiki, za turubai, mmoja viatu vya shule. Wakaanza kuteleza. Sisi uzi wa Bundala umetokeza kidogo chini pembeni, kumbe unashika sakafu yenye maji! Hilo sikuliona kwenye majaribio yangu yote, na wala sikuwa na akili ya kulitegemea. Mwishoni tuko sawa pointi kwa pointi, Rozi akanipa pasi, Limi huyo anakuja. Nikasimamisha mguu wa kulia, nikageuka juu yake. Yeye akapita kama ng'ombe kwenye utelezi, akakaa chini. Nikatupa. Mpira ukazunguka ringi, ukafikiria, ukaingia.

Sijawahi kusikia kelele ile ikiwa yangu.

Baadaye Limi alinifuata, nikadhani ugomvi. Alipiga magoti kabisa akautazama ule mshono wa kijani, akauliza raba za aina hii ya kijani zinauzwa wapi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimwambia dada, huu ni uzi wenu, wa kwenu Bumbire, umeshonwa na Bundala. Akasema Bundala yule muongo? Yule yule. Akaagiza jozi, akaagiza na za dada zake.

Kwenye lori tuliimba mpaka Bukoba. Karibu na mwisho wa safari wengine walilala. Klaudia akasema polepole kwamba Anatolia angeupenda mchezo ule. Anatolia ndiye aliyekuwa anacheza nafasi yangu, tulimzika Aprili. Hatukulia. Tulizitaja zile zake za kufunga kwa mkono wa kushoto, na jinsi alivyomtukana refa kwa Kihaya akidhani hajui, kumbe refa ni Mhaya wa Kamachumu. Tukacheka hadi dereva akatugongea kutoka kabini.

Fainali Jumamosi ijayo, Muleba hapo hapo, na wasichana wa Karagwe.

Jumatano, 26 Oktoba

Nimemsikia Mama leo. Nilikuwa chooni, yeye yuko uani na jirani, hakujua nipo. Alikuwa anamwambia Buhembe imeshinda huko Muleba, na kwamba wanasema aliyefunga la mwisho ni huyu wangu. Jirani akauliza: kwa zile raba? Mama akasema mvua mwaka huu imewahi.

Huyu wangu! Nimekaa chooni muda mrefu kuliko lazima.

Jioni tumekula pamoja. Hatujazungumza juu ya Elieza. Lakini amemtaja. Alisema, hivi hivi tu, chumvi kidogo, Elieza hakupenda chumvi. Nimepunguza chumvi.

Jumamosi, 29 Oktoba

Asubuhi. Naandika haraka, naandika vibaya.

Lori liko barabarani, limeshapiga honi. Nilikuwa nimevaa jezi, nimebeba mfuko, nimetoka barazani kuchukua raba zangu zilipolala. Ya kulia ipo. Ya kushoto hakuna. Nimetafuta chini ya benchi, nyuma ya pipa la maji, nikamlaani mbwa wa jirani. Nikafikiri Mama ameichoma. Nilikwenda hata nyuma ya jiko kutazama majivu.

Nikaingia ndani kumwuliza.

Ameketi sebuleni kwenye kiti cha Baba. Raba iko mapajani pake. Ameishika kwa mikono yake miwili, mitupu, bila kitambaa, bila mti wa panda. Ameipitisha kizingiti yeye mwenyewe! Alikuwa anabonyeza soli kwa dole gumba, anafuata ule uzi wa kijani kwa kidole, kuzunguka, kuzunguka. Hakuniangalia. Akasema imeshonwa vizuri. Nikasema ndiyo, Mama.

Nikanyoosha mkono anipe. Hakunipa.

Akasema: "Kaa, Kezia. Nisimulie mwanangu alikufaje. Usiniambie shati."

Honi. Klaudia anaita jina langu kutoka barabarani, nahodha, sauti ya wodini. Nimemwambia Mama fainali ni leo. Akasema anajua. Nimemwambia nikirudi. Akasema alikuwa na miaka mitatu ya kuuliza na ameuliza leo, kwa sababu leo ameweza.

Sasa ameingia chumbani. Amerudi na kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kile anachotolea wageni. Hajawahi kunitolea mimi. Kwake mimi ni mtoto, na watoto hawatolewi kahawa. Amekiweka mezani katikati yetu. Raba imekaa pembeni yake kwenye mkeka, ndani ya nyumba, na hakuna aliyekufa.

Honi tena. Nimemtuma Rozi aliyekuja mbio — awaambie wasubiri, au watangulie, niletwe na baiskeli mpaka lori jingine, sijui, awaambie chochote. Rozi kaona raba ilipo. Kaona na Mama. Amerudi nyuma taratibu.

Mama ananyoosha kikapu. Nimechukua mbili. Amechukua mbili.

Anangoja nifunge daftari hili.